Jipu Juu ya Goti

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeolewa katika kijiji cha Moding, karibu na mpaka wa Uganda. Mume wangu aliendesha lori la kuvuka Malaba kwenda Kampala, kwa hivyo nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe.

Msimu mmoja wa kupalilia wimbi, mama mkwe aliota jipu juu ya goti. Lilianza likiwa gumu kama kokwa la embe. Baada ya siku kadhaa likalainika, ngozi ikawa inang'aa, nami kila jioni nikawa nalibonyeza pembeni nikishangaa ule ugumu umekwenda wapi.

"Wewe unanitibu au unanichunguza?" akaniuliza.

"Vyote viwili, Mama."

Alikataa katakata kupasuliwa. Asubuhi moja, ameketi anachambua maharagwe, likapasuka lenyewe. Usaha ulipokwisha kutoka, lilibaki shimo la kuingia kidole gumba. Nikampakia kwenye baiskeli hadi zahanati ya misheni, nikiisukuma penye matope.

Daktari alikuwa kijana aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Alipokuwa akiosha kidonda, mama mkwe akamwuliza, "Nani amekata nyama hii? Hakuna aliyenigusa na wembe."

"Ni mwili wako, Mama. Nyama imeshikwa na nyuzi ngumu, kama kamba za kitanda. Vijidudu vikiingia, damu hutuma askari. Hao humwaga maji makali yanayokata zile nyuzi. Yakizidi, hukata hata pazima."

Maji hayo siku hizi tunayaita vimeng'enya. Siku ile sikuwa na neno hilo, lakini maelezo yale yalinivuta hata nikasahau kwamba nimeshika beseni, maji yakanimwagikia miguuni.

"Kumbe nimejila mwenyewe!" Mama mkwe akacheka hadi daktari akamwomba atulie. Kisha akauliza, "Na nani huyaambia yaache?"

Daktari akainua pamba kutoka kidondani. "Damu ina kitu cha kuyazuia. Lakini kinajuaje kwamba imetosha? Hilo, Mama, sijui."



Kidonda kilijaa polepole, kuanzia chini. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikichungulia nyama mpya, nyekundu, ikipanda. Kovu lilibaki limebonyea, na goti halikukunjika tena vizuri. Kanisani alipiga goti moja tu, mguu mwingine ameunyoosha kwenye njia ya katikati, na watu wakajifunza kumzunguka.