Kiingereza cha Mama Endi

Msusi mmoja alikuwa na mjukuu mmoja tu, na mjukuu mwenyewe kazaliwa ughaibuni, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Mama yake alisema atamfundisha, ikawa kesho na keshokutwa, mtoto akafika umri wa kwenda shule anajua "bibi" na "lala" basi. Msusi angefanyaje? Alikamata Kiingereza chake cha kuokoteza kwa wateja, akajitosa.

Kila Jumamosi aliegemeza simu kwenye kioo cha saluni, katikati ya vitana na makopo ya mafuta, akaweka sauti ya juu, mikono ikiendelea kusuka. Hadithi zake zote zilikuwa za paka wa jirani, jizi lisilo na haya, na kila sentensi ilianza na "and". And paka kaingia jikoni. And kaona samaki. But mwenye samaki naye kamwona! Hapo mtoto anacheka mpaka anapaliwa, anadai, "And, Bibi? And?" Wateja nao hoi. Ndio waliombandika jina la Mama Endi, na wala hakuchukia. Kusema kweli alilipenda kuliko jina alilopewa na wazazi wake.

Sasa, miongoni mwa wateja alikuwamo mwalimu wa Kiingereza, mwanamke mwema, Mungu ananiona, sina neno naye. Siku moja akamwambia kwa upole kwamba sentensi ya Kiingereza haianzwi na "and", wala "but", wala "because". Mtoto anakulia kwa wenye lugha yao, asije akamwonea haya bibi yake mbele ya wenzake. Maneno hayo yakamchoma msusi. Akaomba afundishwe, na mwalimu akamfundisha bure, kakaa kwenye mkeka, kichwa kimelala gotini kwa mwanafunzi wake.

Lo, kujua kwenyewe! Paka akaanza kutembea kwa magongo. Msusi anatoa sentensi moja, anasimama, anaikagua ya pili kichwani, "and" imefika mdomoni anaimeza, anatafuta pengine pa kuanzia. Mtoto akiuliza "And?" bibi anamwambia kwa Kiingereza safi kwamba si vizuri kuanza hivyo. Mtoto akaacha kuuliza. Kisha simu ikipigwa anaoga, mara amelala, mara yuko kwa rafiki. Binti wa msusi alipobanwa sana alisema, "Mama, usikasirike. Anasema bibi amekuwa kama mwalimu."

Hakukasirika. Aliumia, akadhani dawa ni kusoma zaidi, maskini, akasoma zaidi. Miaka ikapita hivyo.

Jumamosi moja mwalimu, mvi zimeshamtoka, yuko nusu kasukwa nusu bado, akawa anamsema mwalimu kijana aliyemkata mtoto wa watu alama kwa kuanza sentensi na "but". Upuuzi mtupu, alisema. Vitabu vimejaa sentensi za namna hiyo, na wenye lugha ndivyo wanavyoongea. Katazo lile ni la kuwazuia watoto wadogo wasijaze ukurasa mzima kwa "and".

Mikono ya msusi ikasimama.

"Mimi ulinikataza," alisema.

"Wewe?" Mwalimu alicheka kidogo. "Ulikuwa unaanza, Mama Endi. Nilitaka ushike msingi."

Msusi akajifuta mafuta, akapiga simu pale pale. Akapokea mjukuu mwenyewe, sauti imekuwa ya msichana mkubwa. Msusi akayamwaga yote. And jirani ana paka mpya, and huyu ni mwizi kumshinda yule, and juzi kalala ndani ya sufuria, but mfuniko ukamwangukia! Hakusimama hata kupumua. Kisha akangoja, ameikodolea macho ile simu.

Msichana alisema hizo ni habari nzuri sana. Akashukuru kupigiwa, akasema mama yuko kazini, akamtakia bibi yake siku njema. Simu ikakatika.

"Mtoto ana adabu huyo," mwalimu akasifu. "Na Kiingereza chake kimenyooka."

Msusi akarudi kwenye nywele, akagawa fungu, akaanza mstari mpya. Muda si muda mwalimu akahisi kitu cha uvuguvugu kinamdondokea utosini, akauliza amepakwa nini.

"Mafuta tu," msusi alisema, akaendelea kusuka.