Mjomba Aliyetuma Baraka kwa Kaseti

Nilifunga safari ya Eldoret kwa sababu kaka yangu Kiptoo alikuwa amestaarabika. Binti yangu Chebet alikuwa anaolewa Jumamosi, na kwetu Moiben msichana hatoki nyumbani kabla mjomba wake, ndugu wa mama yake, hajajaza kinywa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyu, akamnyunyizia. Ndugu ninaye mmoja tu, Kiptoo. Basi yeye, badala ya kuja, alitutumia kaseti.

Tuliisikiliza pamoja na wazee wa upande wa bwana harusi. "Chebet, Mungu akubariki," sauti ya Kiptoo ilisema, "upate watoto, upate ng'ombe, upate... goli! Mama Dani, umeona hilo goli?"

Mzee mmoja aliweka kikombe chini taratibu. Alisema wao hawachukui msichana ambaye mjomba wake anakaa ndani ya redio. Chebet akatoka nje akilia. Mimi nikaenda kutafuta viatu vyangu.

Alfajiri ya Ijumaa nilipanda lori la maziwa, nikakaa kando ya dereva, kibuyu cha mursik mapajani, ili Kiptoo akumbuke ladha ya kwao. Redio ya lori ilitutangazia kwamba barabara zetu zimetengenezwa vizuri sana. Habari hizo njema tulizisikiliza tukiwa tumekwama kwenye matope. Dereva aliniangalia, nikamwangalia, na hakuna aliyefungua mdomo. Miaka ile hata lori lilikuwa na masikio.

Mchana nikafika mtaani kwake Kapsoya, pale Eldoret. Sebule ya Kiptoo ilikuwa na viti vilivyotazama upande mmoja kama kanisani, na pale mbele, kwenye madhabahu, televisheni imevalishwa kitambaa cha kufuma. Simu nayo ilikuwa mezani, imefungwa kwa kufuli ndogo ili mtu asije akaitumia.

"Mama Chebet! Si ungepiga simu kwanza?" mke wake, Mama Dani, akashangaa.

"Ningepiga na nini, wifi? Na jembe?"

Jioni Kiptoo akarudi kutoka ofisini. Alinipa mkono huku macho yake yakipita juu ya bega langu kuelekea kwenye kioo cha televisheni. "Dada! Karibu, karibu. Nyumbani wazima?" Kabla sijajibu akasema, "Ngoja kidogo, ni habari."

Nikangoja kidogo. Habari zilianza pale zinapoanzia kila siku: mkubwa wa nchi alikuwa amepanda mche wa mti. Baada ya mti kukaja kwaya, na baada ya kwaya wachekeshaji. Watoto wa Kiptoo, ambao sikuwa nimewaona kwa miaka, walinipitishia ugali bila kugeuza shingo. Ndipo nilipobeba kiti changu, nikakiweka mbele kabisa ya televisheni, nikaipa mgongo, nikaendelea kula.

"Dada, unaziba!"

"Ndiyo, naziba. Niangalie mimi kidogo. Kama ni rangi, hata hiyo televisheni yako haina." Nikaweka sahani chini. "Kiptoo, mtoto analia. Wazee wamekataa kaseti yako. Usipokuja kesho, hakuna harusi."

"Kwani baraka si maneno? Maneno si yalifika?"

"Na maziwa je? Uliyatemea wapi, kwenye spika?"

Watoto wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Akanung'unika kwamba kesho kuna mpira. "Tangu tumzike mama hujakanyaga kwetu," nikamwambia. "Mimi sina mwingine wa kuniita dada. Nina hamu na wewe mpaka nimechoka, wewe mwanamume."

Kiptoo akatazama saa yake ya mkononi. Kisha akauliza kama tutamaliza kabla ya mpira kuanza.

Jumamosi asubuhi tulirudi na lori lilelile, Kiptoo amekumbatia redio ndogo yenye betri mpya. Harusi ni harusi, lakini mechi nayo ina heshima yake.

Nyumbani wazee walikuwa wameshaketi. Chebet alikuwa bado hajavaa gauni jeupe, maana maziwa yangeliharibu. Alisimama mlangoni na mdogo wake Jerono, wote wawili na vitambaa kichwani. Kiptoo akapiga funda kubwa la mursik, mashavu yakamjaa, akatembea kwa madaha mbele ya watu wote. Akaenda kusimama mbele ya Jerono.

Jerono akarudi nyuma. Wazee wakatazama chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Mjomba," Chebet akasema polepole, "ni mimi."

Kiptoo hakuweza hata kusema samahani, kinywa kilikuwa kimejaa. Akageuka, akamtazama uso mtoto aliyekuwa akimbeba mabegani siku zile, akamtazama kweli, na machozi yakamtiririka hadi kwenye masharubu. Ndipo akamnyunyizia, uso mzima, na Chebet akacheka huku akilia.

Nilichojifunza safarini ni kwamba kaka yangu anawajua magolikipa wote wa nchi hii kwa sura. Hongera zake. Ile redio aliisahau kwangu siku hiyo. Huja kuichukua kila mwisho wa mwezi, anakunywa mursik, anakaa mpaka jua linazama, halafu anaondoka ameisahau tena.