Nguo Mpya za Modesta

Dada yangu Modesta alifuma vitambaa kiwandani miaka kumi na tisa. Kiwanda kilipofungwa, mwaka tisini na nne, alirudi nyumbani Mkolani na jora moja la kitambaa cheupe, laini, akaanza kushona vigauni na shuka za mjukuu ambaye hata mimba yake haikuwapo. Mitumba ilikuwa imefurika soko la Mkuyuni hadi barabarani, na yeye aliamini ndiyo iliyomfukuza kazini. "Mjukuu wangu havai kafa Ulaya," alisema. "Havai nguo za maiti!"

Nguo alizifungia kwenye sanduku la bati, na vidonge vyeupe vya kuzuia nondo alivinunua kwangu, dukani. Nikamwambia viwili vitatu vinatosha. Wapi! Alimwaga pakiti nzima katikati ya vigauni.

Baada ya miaka miwili mwanawe Pius na mkewe Akumu wakapata mtoto wa kiume, Machibya. Siku waliyotoka hospitali, Modesta alifungua sanduku mbele yetu. Harufu ikanitoa machozi.

"Dada, zifue kwanza," nikasema. "Zianike juani siku mbili tatu, harufu itoke."

"Nifue nguo mpya, Justa? Zionekane mtumba?"

"Hata mimi naomba tuzifue, mama," Akumu akasema kwa adabu.

"Mwanangu, wewe umekuja juzi tu. Mimi nimelea watano."

Akumu akamkabidhi mtoto, akavalishwa vilevile. Na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo.

Siku ya tatu macho ya mtoto yakawa manjano. Modesta akasema wachanga wengi huwa hivyo, apigwe jua kidogo. Akampeleka juani akiwa amemviringisha kwenye shuka zilezile! Siku ya tano mtoto akakataa ziwa, mkojo wake mweusi, ndipo tukakimbilia hospitali. Nesi alinusa nguo kabla hajamgusa mtoto.

"Nani kamvalisha hizi?"

Akatueleza kwamba hewa ya vidonge vile huharibu damu ya baadhi ya watoto, na huwezi kujua ni yupi. Nguo iliyokaa navyo ifuliwe, ianikwe mpaka isinuke kabisa, na kwenye nguo za mchanga visiwekwe hata kimoja. Sabuni na jua, basi! Machibya alikufa asubuhi iliyofuata.

Modesta akaleta kigauni kilichobaki, kizuri kuliko vyote, ili azikwe nacho. Akumu hakumtazama. Akanigeukia mimi.

"Mama mdogo, nenda Mkuyuni ukaninunulie mtumba."

Nikaenda. Niliporudi na kigauni cha mtumba alikipokea, akakifua mara mbili kwa mikono yake mwenyewe, akakianika kwenye kamba mbele ya mlango wa mama mkwe wake, akaketi chini kukisubiri. Watu wa mazishi walikuwa wamekwisha kufika, lakini hakuna aliyethubutu kumharakisha. Modesta naye aliketi mlangoni, kigauni kipya mapajani, mpaka kile cha mtumba kikakauka kambani.