Kalamu Iliyopiga Chafya

Kaku wangu alikuwa akisema kalamu ya wino ni kama meno ya bandia: mtu unaweza kumwonyesha, lakini humpi ayaweke kinywani. Kaku ndivyo sisi tulio na asili ya Kasai tunavyomwita babu. Wazazi wake, walioletwa kufanya kazi ya mgodi, walizaa Kolwezi, wakazeeka Kolwezi, na lugha ya nyumbani ikabaki na maneno machache ya kutukania, nyimbo, na majina kama hilo la kumwita babu.

Alikuwa karani. Siku ya kustaafu kampuni ilimpa kalamu hiyo, nyeusi kama madini ya manganizi ya mgodi wa Kisenge, na ahadi za mambo mengine. Kalamu ilifika. Mambo mengine bado yako njiani, labda yamekwama nyuma ya foleni ya malori ya shaba yanayokwenda mpakani Kasumbalesa.

Kwa kalamu ile Kaku aliandika kadi zote za ubatizo za parokia yetu. Kijana yeyote wa mtaa ukimwambia alete kadi yake, utaona mwandiko uleule, herufi ya kwanza ina mkia uliopinda kama wa jogoo. Hata mimi, niliyeacha shule kabla shule haijaniacha, kwenye kadi yangu ninaonekana mtu wa maana.

Kisha mkono wa kulia wa Kaku ukaanza kutetemeka. Ajabu yake ni kwamba ukilala juu ya meza, ulitulia na kuandika vilevile. Ukiwa hewani ndipo ulipocheza. Na kalamu ile hujazwa hewani: unaizamisha ndani ya kichupa, unainua kijiti kilicho ubavuni, unakiachia, kifuko cha mpira kilicho tumboni mwake kinavuta wino. Kaku akiizamisha, kichupa kilianguka. Kitambaa cha meza kilipata bluu, suruali ikapata bluu, paka wetu mweupe akawa na bega la bluu kama ofisa wa jeshi fulani. Kumwomba mtu amjazie, hapana. Meno ya bandia.

Mambo yangeishia hapo kama yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, asingezaa mapacha, ambao sisi tunawaita mapasa. Kwetu mapasa si jambo la mchezo. Mama yao anageuka mtu wa heshima, na siku ya sherehe yao mashangazi wanaimba nyimbo ambazo siku nyingine wangepigwa makofi kwa kuzitamka. Tena hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Kaku alipowaona wale watoto, wawili, wekundu, wamekunja nyuso kama wazee waliocheleweshewa pensheni, alisema neno moja tu: kadi zao ataandika yeye.

Sekretari wa parokia, mama mmoja mwenye wigi lisiloguswa na upepo, alikuwa ameshapata mashine ya kuchapisha.

“Tata, pumuzika,” alimwambia Kaku, akimwita baba kwa lugha ya mtaa. “Mashini itaandika bote babili mu dakika moja.”

“Mashini yako inabajua hawa batoto?”

“Haibajue, lakini haimwangaka wino.”

Padri, ambaye hakupenda ugomvi kabla ya kula, alitoa hukumu. Kaku arudi Jumatano, aijaze kalamu mwenyewe mbele yao, aandike mstari mmoja. Akifaulu, kadi ni zake. Akimwaga, mashine.

Jioni ile nilimkuta nyuma ya nyumba, karibu na choo, mahali ambapo mtu haulizwi anafanya nini. Alikuwa amejaza kichupa maji, anafanya mazoezi. Anazamisha, kichupa kinaanguka. Anakiokota, anakijaza tena. Nilirudi ndani kimyakimya, na sahani yangu ya sombe, yaani majani ya muhogo, nikampa paka.

Sasa, kazi yangu. Nina meza sokoni. Ninatengeneza tochi za kichwani za wachimbaji na kujaza gesi viberiti vilivyokwisha. Kichwani nina kiwanda. Tayari nimebuni ndala zenye taa, na mwavuli wa kuzuia vumbi la barabara, ambao ulizuia pia kuona barabara. Tatizo la kiwanda changu ni kwamba mlangoni hakuna mlinzi, kila wazo linaingia tu.

Wazo hili liliingia na mchimbaji mmoja aliyetaka kiberiti chake kijazwe. Nilikishika kichwa chini, nikaingiza mdomo wa chupa ya gesi kwenye kile kitundu cha kitakoni, nikabonyeza. Nikaganda hapohapo, briké mkononi, maana ndivyo tunavyokiita kiberiti cha gesi.

“Ulikufa?” mchimbaji akaniuliza.

“Tata, umeshaona mutu anazamisha briké mu gazi?”

“Hapana.”

“Basi juu ya nini tunazamisha kalamu mu wino?”

“Mi nataka moto tu,” alisema, akachukua kiberiti chake akaenda zake.

Lakini mimi nilikuwa nimeona. Kalamu ijazwe kwa nyuma. Kitako chake kiwe na vali ya kiberiti, ile inayofunguka ikisukumwa na kujifunga ukiiachia. Wino uingie kwa bomba la sindano. Hakuna kichupa, hakuna kuzamisha, paka anabaki raia.

Kumwomba Kaku anipe kalamu ilikuwa kama kumwomba figo.

“Utaifanya nini?”

“Nitaiongezea mulango wa nyuma, Kaku.”

“Nyumba yenye mulango wa nyuma inaibwaka.”

Lakini aliitoa. Aliichomoa mfukoni polepole, akaiweka mkononi mwangu, akanifunga vidole juu yake. Hapo ndipo nilipojua jinsi alivyoogopa Jumatano.

Kile kifuko cha mpira kilikuwa kimezeeka na kuanza kupasuka, kwa hiyo nilitafuta kingine. Yaya alitoka hospitali ya wazazi na glavu moja ya muuguzi, sijui kwa nini, wanawake hutoka hospitali na vitu. Nilikata kidole cha mwisho cha glavu ile nikakifunga ndani ya kalamu. Nikatoboa kitako, nikabandika vali. Nilijaribu kwa maji, ikashika. Usiku wa Jumanne nililala nikiota bango lenye jina langu.

Kuna jambo moja kuhusu sisi wajaza viberiti. Kiberiti hujazwa kikiwa kimefungwa, na hujazwa mpaka kipige chafya. Gesi ikishajaa, inakurudishia kidogo vidoleni, psii, na mteja akisikia ile chafya anajua hakuibiwa. Mtu akiacha kabla ya chafya, kesho mteja anakwenda meza ya jirani. Mkono wangu ulikuwa umeshazoea hivyo.

Jumatano, ofisini kwa padri, Kaku aliishika kalamu ikiwa imelala mezani, nami nikamwelekeza mahali pa kuchomeka bomba. Alisukuma mwenyewe. Hakuna tone lililoanguka. Sekretari alinyanyua nyusi.

“Ongeza, Kaku,” nikasema. “Bado haiyapiga chafya.”

Akaongeza. Kifuniko kilikuwa kimefungwa, kama nilivyomfundisha. Akaongeza tena, na mwisho vali ikafanya psii, doa dogo la bluu likaniruka kidoleni, nikatabasamu kama mtu aliyemaliza kazi.

Padri alikuwa amevaa kanzu nyeupe, anangojewa kwenye misa ya marehemu mmoja. Aliinama kuangalia ufundi kwa karibu. Kaku akavuta kifuniko.

Wino ule haukudondoka. Ulitoka kama kitu kilichokuwa kinadaiwa uhuru. Ulimpata padri kuanzia pale ambapo katika mahubiri huitwa moyo, ukashuka hadi pale ambapo katika mahubiri hapatajwi.

Padri alijitazama.

“Mimi nilishabatizwa,” alisema hatimaye. “Kanisa haliruhusu mara mbili.”

Sekretari alikuwa ameshika wigi lake kwa mikono yote miwili, na alichokuwa akikifanya nyuma ya mikono ile kilikuwa kicheko, ninaapa.

“Tata,” padri akamwambia Kaku kwa upole, na upole ule ndio uliouma, “ile silaha isirudi tena mu ofisi yangu. Mashini itaandika.”

Njiani Kaku alitangulia mbele. Watu walimsalimu, “Jambo tata,” akawaitikia kwa kichwa. Tulipofika mahali pasipo na mtu akasimama.

“Kama Mungu angekupa we kazi ya kutengeneza kibofu,” akasema, “batu bote bangekuwa banakojoa kwa masikio.”

Kisha akanizaba kofi kisogoni. Lilikuwa kofi zuri, la kati kabisa, la mtu aliyelea watoto wengi. Nilikuwa nimepiga hatua kadhaa nikijisugua ndipo nikaelewa nilichohisi. Lile kofi halikutetemeka hata kidogo. Mkono wa Kaku ulitetemeka ukishika kitu kidogo hewani, lakini ukishuka bapa, wote mzima, kama karani anayegonga mhuri, ulikwenda pale ulipotumwa.

“Kaku, nipige tena,” nikasema.

“Sasa umerukwa na akili.”

Hakunipiga tena. Alikwenda moja kwa moja chumbani, akalala na viatu.

Lakini shida ya chafya ilibaki, nami sikujua pa kuanzia. Jibu lilikuja siku ya pili asubuhi kutoka kwa wenye kadi wenyewe. Yaya alikuwa anawanyonyesha mapasa. Mmoja alipomaliza, alimsimamisha begani akampigapiga mgongo.

“Yaya, juu ya nini unamusimamisha?”

“Hewa itoke. Usipoitoa, maziwa yote inarudia.” Na kabla hajamaliza, yule mwingine, aliyekuwa bado amelala, akarudisha yake yote kwenye kitenge.

Nikamtazama yule mtoto kwa heshima kubwa. Kalamu yangu nilikuwa nimeilisha ikiwa imelala, mdomo umefungwa, bila kuitoa hewa. Hata mimi ningetapika juu ya padri.

Nilichonga kipande cha mbao. Upande mmoja shimo la kusimamishia kalamu, mdomo wazi ukitazama juu, kitako kikikaa juu ya kimrija chini. Upande wa pili bomba la sindano limesimama wima, na mpira wa dripu unapita chini kuunganisha viwili hivyo. Juu ya bomba niliweka kifuniko kipana cha chupa, nacho kilikuwa na kigingi cha kukizuia kisishuke kupita kiasi. Unagonga kwa kiganja, kama mhuri. Wino unapanda taratibu, hewa inatokea mdomoni, kigingi kinasema basi. Hakuna kungoja chafya.

Nilikiweka mezani mbele ya Kaku. Aliutazama ule ubao pande zote. Akagonga. Kwenye ncha ya kalamu ikatokea hewa kidogo, kisha alama ya wino iliyolowa, basi. Akaichomoa, akaandika jina lake kwenye ukingo wa gazeti. Akaandika la marehemu bibi. Akaandika la paka.

“Inanuka gazi,” akasema, na hilo kwake lilikuwa shairi.

Ila kadi zilikuwa zimeshachapishwa. Jumapili ya ubatizo zilikuwa juu ya meza ya ofisi, safi, herufi zote zimenyooka kama uzio wa kampuni. Mapasa walikuwa wameshalia majini. Kaku alisimama mlangoni na ule ubao chini ya koti lake, na padri, alipoona koti limetuna, alirudi nyuma hatua moja.

“Tata, tulisema.”

“Tulisema, mupe,” Kaku akamjibu, kwa jina tunalowaitia mapadri.

Akageuka aondoke. Kweli angeondoka. Ni yaya aliyemzuia, akiwa na mtoto mmoja kila mkono. Hakumwambia padri neno. Aliwatazama tu mashangazi waliokuwa uani na vitenge vyao vya sare, akasema, “Banakatalia batoto kaku yabo.”

Mashangazi wakaanza kuimba. Ubeti wa kwanza ulihusu baba wa mapasa na kile alichofanya kuwapata, kwa maelezo kamili. Padri alizaliwa upande wa Musumba, wala si Kasai, na kwa miaka yote alikuwa akituambia kwamba lugha ya Kasai haielewi. Siku ile masikio yake yalibadilika rangi. Ubeti wa pili ulianza kwa kutaja kanzu, na mahali wino ulipoishia.

“Aingie,” padri akasema. “Mama sekretari, toa kadi mbili nyeupe. Upesi.”

Alifungua mlango wa kabati la vitabu, akasimama nyuma yake kulinda kanzu, kichwa tu nje.

Kaku aliketi. Akaweka ubao mezani, akasimamisha kalamu, akagonga. Kisha mkono wake ukalala juu ya kadi ya kwanza na kuanza kwenda, na mkia wa jogoo ukapinda pale unapopaswa kupinda. Nilisikia ncha ikikwaruza karatasi.

Kadi ya kwanza ilipokwisha, kalamu ilikuwa bado imejaa. Ninajua, niliitengeneza mimi. Lakini Kaku aliirudisha shimoni, akavuta kifuniko cha bomba juu kidogo, akagonga tena. Alipenda tu. Nilimwona usoni. Wino wa ziada ukapanda ukakaa kwenye ncha, na alipogusa kadi ya pili, doa likaanguka kando ya jina, pana kama punje ya hindi.

“Mi nilisema,” sekretari akanong'ona.

Kaku alilitazama lile doa kama mtu aliyekutwa bila suruali. Maisha yake yote ya ukarani hakuwahi kuacha doa.

“Mama, nipe ingine,” akasema kwa sauti ndogo.

“Hapana, Kaku.” Yaya alikuwa ameinama juu ya bega lake. “Iyi ya alama itakuwa ya mudogo. Hata mi mama yabo nabachanganyaka.”

Kaku akaivuta kadi karibu. Akalipulizia doa likauke, akamalizia jina la mdogo, mkia na vyote, akaliwekea nukta. Akafunga kifuniko cha kalamu, akairudisha mfukoni kwake, akapigapiga mfuko mara moja kwa kiganja.

“Mupe,” akasema bila kugeuka, “unaweza kutoka nyuma ya kabati.”