Miaka Tisa Juu ya Pikipiki ya Kliniki

Nilikuwa nimeshazalisha kina mama kwa zaidi ya miaka ishirini Matroni aliponiita ofisini kwake na kuniambia kwamba kuanzia siku hiyo nitapanda pikipiki. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nami nina umri wa miaka arobaini na sita. Kliniki yetu ya uzazi ilikuwa Makadara, na kazi niliyopangiwa ilikuwa kuwafuata wazazi majumbani Mji wa Kale. Mzazi, kwetu, ni mwanamke aliyejifungua karibuni na bado yumo katika siku zake arobaini. Nilitakiwa kumpima yeye, kumpima mtoto, kutazama kitovu, kisha niende nyumba ya pili.

Matroni alikuwa mwanamke wa Kitaita, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo hakuna aliyepata kuisikia ikipanda.

"Sista Rukia," akaniambia, "gari letu haliingii vichochoroni, na wewe kwa miguu wawafikia wazazi watatu kwa siku. Nataka uwafikie wanane."

"Matroni, mimi hata baiskeli siijui."

"Ndiyo heri. Hutakuwa na mazoea mabaya ya kusahau."

Akanipeleka uani kwa Msimamizi wa Usafiri, Mzee Katana, mtu wa Rabai, mzee wa kanisa, ambaye ujanani alikuwa tarishi wa pikipiki bandarini. Kando yake palikuwa na pikipiki nyekundu iliyokwisha kutumika, imefungwa sanduku la bati nyuma kwa ajili ya mizani yangu. Nilidhani atanionyesha namna ya kuiwasha. Aliutia ufunguo mfukoni.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Ncha za vidole vya miguu ndizo tu zilizogusa chini.

"Shuka. Mtu asiyefika chini haendeshi, anamwomba Mungu tu."

Siku ile nzima hatukuwasha injini. Alilegeza shokamzoba, zile springi mbili za nyuma zinazomeza mitikisiko ya barabara, kiti kikashuka kidogo. Kisha akakipeleka kiti kwa fundi wa viti vya magari, akapunguza sponji pale mbele, mapajani. Niliporudi kukaa, nyayo zangu zote mbili zililala chini. Halafu akaniambia nifumbe macho na ninyooshe mikono mahali inapotaka kwenda yenyewe. Nilipofumbua, mikono ilikuwa imepita chini ya usukani. Akachukua spana akauleta usukani mikononi mwangu, akainamisha na vishikio vya klachi na breki mpaka vidole vikawa vimenyooka sawa na kiganja. Vijana wanaonunua pikipiki leo huipanda kama ilivyotoka dukani, baada ya mwezi wanalalamika kiuno, viganja na shingo. Mimi nilikuwa mfupi, tena mtu mzima, na kwa miaka tisa mgongo haukuniuma.

Wiki mbili za asubuhi tulikwenda uwanja wa Tononoka. Hapo ndipo nilipojifunza klachi, kishikio cha mkono wa kushoto kinachokutanisha injini na gurudumu. Mzee Katana hakutaka niende kasi. Alitaka niende polepole kuliko mtu anayetembea, bila kutia mguu chini. Kuna mahali padogo pale klachi inapoanza kushika, akasema, mtu akipajua hapo amejua nusu ya kazi. Mwendo wa polepole utumie breki ya nyuma, ile ya mguu wa kulia, na ya mbele uiguse kwa adabu.

Taabu yangu ilikuwa mikono. Niliukamata usukani kwa nguvu mpaka vidole vikafa ganzi. Akanisimamisha.

"Sista, kichwa cha mtoto anayezaliwa hukishika vipi?"

Nikamwonyesha kwa viganja. Hukiachii na hukibani.

"Basi. Nguvu iwe magotini, libane tangi. Mikono iwe hivyo hivyo."

Kuanzia siku hiyo pikipiki ikawa inanisikia.

Nyumbani kwetu Kibokoni habari haikupokewa vizuri. Mama yangu, aliyekuwa amepita miaka sabini, alinuna tangu adhuhuri hadi isha. Hakuudhika sana na pikipiki yenyewe. Aliudhika na buibui. "Litapeperuka, Ndia Kuu nzima ione miguu yako," akasema, "au linase kwenye mnyororo likuburure." La pili lilikuwa kweli, maana Mzee Katana naye aliniambia neno hilo hilo. Mama alikuwa mshonaji. Siku ya tatu nikamkuta kwenye cherehani, ameshanishonea suruali pana ya kitambaa kizito na buibui la koti linaloishia chini ya magoti, lenye vifungo mpaka chini na mikono iliyobana vifundoni.

"Sijaridhia," akaniambia akikata uzi. "Lakini ukianguka, uanguke umesitirika."

Nilianguka mwezi wa tatu wa kazi hiyo. Waashi walikuwa wakitengeneza nyumba moja Ndia Kuu na mchanga wao umemwagika konani. Niliuona, nikaogopa, nikabana breki ya mbele huku usukani umegeuka. Gurudumu likateleza, nikajikuta chini, kiwiko kimechunika na mizani imepinda. Wauza vinyago wakatoka madukani kunisaidia, na mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, kazi hii si yako." Niliikokota pikipiki mpaka Makadara nikilia ndani ya helmeti, nimekwishaamua kumrudishia Matroni ufunguo wake.

Mzee Katana alinifunga kiwiko kwanza, ndipo akauliza, "Ulikuwa ukitazama wapi?"

"Mchanga."

"Ndiyo maana ukaenda mchangani. Mikono hufuata macho. Tazama mahali unapotaka kutokea. Na breki imalize kabla ya kona, usiipeleke ndani ya kona. Kesho utapita pale pale."

Kesho yake nikapita pale pale, macho nimeyatupa mbali kwenye duka la mwisho. Yule muuza vinyago akainua mkono. Ufunguo sikuurudisha.

Watu walizoea, isipokuwa Bi. Zena. Alikuwa bibi wa ukoo wa Kiarabu wa tangu zamani, mwenye nyumba ya ghorofa kichochoroni nyuma ya Ndia Kuu, na wanawe walikuwa na duka la vitambaa. Siku ya kwanza nilipofika mlangoni kwake na pikipiki ikinguruma, alitokeza dirishani.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia wazee wangu.

"Watu wa heshima muno. Na kidude hicho ndicho nini? Rudi, uje kwa miguu."

Nikarudi mpaka kona, nikakiegesha, nikaja kwa miguu. Sikubishana naye. Mzazi alikuwa ndani na mlango ni wa bibi. Kwa miaka minne, kila mkwe wake alipojifungua, niliegesha konani na kutembea na mizani mkononi.

Mwaka wa tano, katika mvua za masika, mkwe wake mdogo, Fatma, alijifungua mtoto wa kiume. Siku ya tisa nilikwenda kumwona. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na ndiyo kwanza inapungua. Nilipomfunua mtoto sikupenda nilichokiona. Alikuwa na rangi ya manjano mpaka nyayoni, analala hata ukimfinya, hanyonyi tangu usiku, na pumzi zinakwenda mbio. Nikaomba simu, nikapiga kliniki waje na gari twende hospitali kubwa. Mzee Katana mwenyewe akapokea. Gari lilikuwa limeshatoka tangu asubuhi na limekwama. Lori la saruji lilikuwa limetumbukia mtaroni barabara ya kuingilia Mji wa Kale, na nyuma yake magari yamesimama mpaka kupita Makadara. Teksi nazo zilikuwa humo humo.

Fatma hakuweza kutembea, alikuwa ameshonwa. Wanaume walikuwa kazini. Nilisimama na mtoto mikononi nikihesabu pumzi zake. Kanuni ya kliniki ilikuwa wazi, nami nilikuwa nimeitia sahihi, kwamba pikipiki haibebi abiria, sembuse mtoto mchanga. Na kanuni ile ilikuwa sawa. Lakini kutembea mpaka hospitali katika maji yale kungechukua karibu saa nzima, na mtoto yule hakuwa na saa.

Bi. Zena alikuwa akinitazama usoni. Alizaa kumi, alijua anachokisoma.

"Bi. Rukia," akasema, "kile kidude chako kiko wapi?"

Nikaileta mpaka mlangoni. Nikamvisha yeye helmeti yangu juu ya mtandio. Nikamfunga mtoto kifuani pake kwa kanga mbili, uso umegeukia upande apate pumzi, halafu Bi. Zena akapanda nyuma yangu, mtoto akawa katikati yetu. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na hajapata kupanda kitu chenye magurudumu mawili.

"Nibane kwa magoti," nikamwambia. "Mkono mmoja unishike mimi, mmoja mtoto. Nikiinama, nawe inama na mimi, usijikaze."

"Twende."

Nilikwenda gia ya kwanza na ya pili tu. Palipokuwa na maji nilivuta mafuta kidogo bila kuachia, ili injini isizimike maji yakaingia kwenye ekzosi, lile bomba la moshi, nikaizuia kasi kwa klachi na breki ya nyuma. Vile vifuniko vya chuma vya mitaro huteleza kama sabuni vikilowa, nikavipita kando, na pasipokuwa na kando nikavipita nimenyooka bila kugusa breki. Kila tuta nilimwambia kabla: "Tuta, Bi. Zena." Naye alikuwa akisoma Ayatul Kursi sikioni mwangu, kisha sauti yake ikakatika. "Yuapumua?" nikauliza. "Yuapumua. Tazama mbele."

Kwenye foleni tulipita katikati ya magari. Nikaliona gari la kliniki, na dereva wetu ametoa kichwa dirishani, mdomo wazi. Sikumpungia mkono.

Daktari wa zamu alimpokea mtoto wala hakuuliza tumekuja na nini. Mtoto alikuwa na uambukizo wa damu pamoja na manjano. Alikaa hospitali siku kumi na sita, akatoka mzima.

Asubuhi ya pili nilikwenda kwa Matroni mwenyewe, kabla hajaniita. Nikamweleza yote. Aliandika wakati nikizungumza, kisha akanisogezea karatasi.

"Hii ni barua ya onyo," akasema kwa sauti ile ile. "Itakaa kwenye faili lako. Kila muuguzi akijichagulia siku ya kuvunja kanuni, tutazika watu." Akafunga kalamu. "Mwezi ujao tunafungua tawi Tononoka na pikipiki tatu. Utawafunza wenzako wewe."

Mzee Katana ndiye aliyekasirika zaidi. Siku ya tatu akaja uani nikiosha matope.

"Ungeweza kuanguka?"

"Ningeweza."

"Basi usije ukajidanganya ni ustadi." Akaniachia kitambaa kikavu akaenda zake.

Mtoto aliporudi nyumbani nilikwenda kumpima. Niliegesha konani kama kawaida, nikatembea. Bi. Zena alikuwa dirishani.

"Mbona waja kwa miguu?" akauliza. "Imeharibika?"

Miaka yangu ya mwisho nilifanya kazi Tononoka, nikiwa Mkunga Mkuu wa tawi. Nilifunza wauguzi watano. Sista Dama wa Kaloleni alikuwa mrefu, magoti yakimpanda tumboni, kwa hiyo tulimwongezea sponji ya kiti badala ya kuipunguza, na usukani tukauinua. Kila mwili una pikipiki yake, hata kama chuma ni kimoja. Niliwafunza kujaza upepo wa magurudumu kila Jumatatu, kusimama na kunywa maji kabla ya kuchoka si baada yake, na kukunjua vidole kila wanapofika mlangoni pa mzazi. Habari ya mtoto wa Fatma sikuwaficha. Waliponiuliza kama ningerudia, niliwajibu kwamba sijui. Hata leo, nina zaidi ya miaka themanini, ningejibu hivyo hivyo. Nilikuwa sina woga wa barabara tangu mwaka wa pili. Baada ya siku ile woga ulirudi, nikauacha ukae. Ulinifanya mwendeshaji bora.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipotimiza hamsini na mitano. Waliniandalia biriani, wakanipa saa ya ukutani. Nikarudisha ufunguo, helmeti na mizani, nikatia sahihi, nikaenda nyumbani kwa miguu. Kwa mwezi mzima nilijiona nimepungukiwa na kitu, na sikukijua ni kipi.

Nilikijua siku niliponunua ya kwangu. Ilikuwa ndogo, ya bluu, imekwisha kupita mikono miwili. Nikaikalisha uani siku mbili nikiirekebisha mwenyewe, kiti, usukani, vishikio. Jumapili asubuhi, maduka yamefungwa na barabara tupu, nikaitoa. Sikuwa na orodha ya nyumba. Nikapita Makadara, nikateremka mpaka upande wa kivukoni, upepo wa bahari ukiingia mikononi mwa buibui. Kijana anayepanga magari kwenye foleni ya feri akanijia.

"Shikamoo mama. Wavuka?"

"Marahaba mwanangu. Sivuki."

"Wamngoja mtu?"

"La. Simngoji mtu, wala hakuna anayeningoja."

Akanitazama, akaitazama pikipiki. "Sasa umekuja kufanya nini, mama?"

"Kuendesha," nikamwambia, nikageuza.