Baba kaosha vumbi la kompyuta

Jamani, leo kwetu sijui nicheke au nilie.

Wiki nzima kompyuta inaganda kila nikianza gemu la mpira. Leo naongoza mbili bila, naenda kupiga penalti, ikaganda tena. Mchezaji mguu juu!

Nikahangaika sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikazima, nikawasha, nikafuta magemu mengine. Wapi!

Mwisho nikaifungua. Loh, feni haionekani kwa vumbi! Si mnajua nyumba yetu hapa Geita imepakana na karasha, mawe ya dhahabu yanasagwa kutwa?

Nikasugua kwa mswaki wa zamani, vumbi likajaa kwenye gazeti. Natoka kulimwaga, baba huyu hapa mlangoni. Mzee kachimba dhahabu tangu sijazaliwa.

"Ng'wanawane, mwanangu, unamwaga nini? Lete karai na maji!"

Akaliosha kweli. Mimi nimesimama tu, penalti yangu inanisubiri.

Kikabaki kipunje kimoja kinang'aa, kidogo kuliko chembe ya chumvi.

Sasa feni inazunguka vizuri, gemu haligandi. Ila baba ameagiza kompyuta isizimwe.

Na dirisha la upande wa karasha libaki wazi.