Mbabula ya Ester Mbele ya Hakimu wa Durban

Nilitoka Bukavu kwa sababu moja: kwenda kusema uongo mahakamani. Mdogo wangu Ester, msusi wa nywele Durban, alishtakiwa kwa kuua kwa uzembe. Mwanasheria wake alitaka shahidi wa kusema kwamba kwetu hatujui kama hewa ya makaa inaua. Damu ni nzito kuliko maji, nikafunga begi.

Njiani sina la kuwachosha nalo. Nilisali tangu Kigali, na chakula cha ndege sikukigusa.

Glenwood, mtaa wa Durban, jioni. Ester alinionyesha chumba alichopanga pamoja na Thandeka, mwanafunzi wa Kizulu. Siku ya mkasa Thandeka alikuwa na homa, mvua ikinyesha, umeme umekatika. Ester akawasha mbabula, lile jiko letu la makaa, akaiweka karibu na kitanda. Akafunga dirisha baridi isiingie, akaenda saluni. Aliporudi alimkuta Thandeka amekufa.

"Utasema hukujua," nikamwambia.

"Eish, yaya," akasema, kama kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa. "Mama alitufundisha nini?"

"Wacha mambo ya mama! Unataka kufungwa?"

Alinipakulia fufu na samaki, tukala.

Asubuhi, mlangoni mwa mahakama, mwanasheria alinieleza: sheria haiulizi kama Ester alitaka kuua, inauliza kama mtu makini angeiona hatari ile na kuiepuka. Kutojua ndiko kungemwokoa.

Hakimu akamwuliza kama alijua. Nilimkazia macho: sema hapana, wewe mtoto!

"Nilijua," Ester akasema. "Kwetu mbabula ikiwa ndani, dirisha linaachwa wazi. Siku ile niliwaza baridi tu."

Mwanasheria akashika kichwa. Eh Mungu wangu, nilimkasirikia! Halafu nikamwonea fahari mpaka machozi yakanitoka. Mimi sikuitwa tena kusema lolote.

Alitiwa hatiani. Hakimu alimpa kifungo, ila akakisimamisha: hataingia gerezani asiporudia kosa kama lile. Mama yake Thandeka, aliyeketi mbele yetu, alitoka bila kutusalimu. Sikumlaumu.

Siku ya kurudi nilikuwa na somo langu: kumpenda mtu hakutoshi kumlinda, na ukishamponza, wenye msiba unawadai msamaha huku wao wanakudai ukweli. Tulikuwa tunabeba mizigo kwenda uwanja wa ndege simu ya Ester ilipolia. Akaiweka kwenye spika. Alikuwa mama yake Thandeka.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho," alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Njoo uniambie mwanangu alisema nini."

Ester akanitazama, mkono umeshika begi langu.

"Lete hilo begi," nikamwambia. "Nenda."